Chuma cha vitumbua kwa bei ya skrepa

Chuma cha vitumbua cha bibi nilikivunja mimi. Ilikuwa 2009, nina miaka 19, likizo kwa bibi mzaa mama, Ngamiani, Tanga. Bibi alikuwa ameshamaliza kuchoma vya asubuhi, rojo imeisha kwenye ndoo, yeye kaingia ndani kuhesabu hela zake, chuma bado kipo jikoni kinafuka, mi nikaona nimsaidie, nikachota maji ya mtungini yale ya baridi kabisa nikamwagia. Kililia "ti!" Mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu kimekatika. Mvuke ulipotulia nikaona mstari mwembamba umetoka shimo la pembeni ukapita katikati mpaka ukingoni upande wa pili.

Bibi alitoka, akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye ule ufa taratibu, akasema, "Basi mwanangu, nacho kimechoka." Hakunigombeza. Bora angenigombeza, maana kile chuma alikuwa nacho tangu mama yangu hajazaliwa, na wajomba na mama wote wamesomeshwa na yale mashimo tisa.

Tulikipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akapiga weldingi vizuri tu, ikaonekana imeshika, akakiweka chini kipoe na tukiwa bado tunaongea naye kikalia tena "ti!", ufa mpya pembeni kabisa ya ule aliouziba. Nimekuja kujua baadaye kwamba hicho chuma kinataka vijiti vyake maalumu vyenye nikeli, alafu ukipashe moto kwanza na ukipoze polepole sana, na hata hapo ni bahati. Kwa hiyo bibi akanunua cha alumini. Vitumbua vilikuwa vitamu vile vile ila ule ukingo wa kahawia unaokauka kidogo ukiuma haukurudi tena, na wateja wa zamani walisema.

Bibi alifariki 2016. Mi naishi Dar, na hii safari ya vyuma ilianza rasmi 2021 baada ya frampeni ya tatu ya nonstiki kubanduka ndani ya nyumba yangu, yaani ile ngozi nyeusi nikaikuta kwenye yai la mtoto. Ile ngozi inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya ikipita kama nyuzi 260 hivi, na jiko la mkaa lililokolea linapita hapo bila shida, sisi tunazinunua kwa elfu 25 mpaka 40 tunaziweka kwenye mkaa uliopepewa halafu tunashangaa. Nikasema sasa basi, natafuta chuma.

Niweke sawa kwanza tunaongelea chuma gani, maana neno chuma kwetu ni kila kitu. Mafundi magari wanakiita kasti, ni chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa kikawa maji kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga kikatoka na umbo lake tayari, hakigongwi na nyundo kama sufuria za mabati pale Gerezani au Kamukunji Nairobi. Kina kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4 hivi, na hiyo kaboni ndo inafanya kiyeyuke kirahisi kuliko chuma cha nondo, ila ndo hiyo hiyo inafanya kisipinde. Nondo ukiipiga inapinda, kasti ukiipiga inapasuka. Na ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto, upande mmoja unasinyaa ghafla na mwingine bado umetanuka, hakina pa kwenda zaidi ya kupasuka. Natamani mtu angenambia hivyo 2009.

Uzuri wake ni kwamba ni kizito na kinashika joto. Watu wengi wanadhani chuma kinasambaza moto vizuri, si kweli, alumini inasambaza haraka mara kadhaa kukizidi. Chuma kinachelewa kupata moto ila kikishaupata hakiuachii, ukimwaga rojo ya baridi kwenye shimo la alumini nyembamba joto linashuka papo hapo, ukimwaga kwenye chuma kinene hakitishiki, kinaendelea kuunguza ule ukingo. Ndo siri ya vitumbua vya bibi, hakukuwa na dawa nyingine. Hata iliki alikuwa anaweka kidogo.

Sasa unakipata wapi bila hela nyingi. Madukani vipo, karai na vyuma vya chapati vizito vinavyotoka India, lakini bei yake siyo ya kila mtu. Mi nilienda kwa wauza skrepa. Kule kitu kinauzwa kwa kilo, hakuna anayekuuzia historia, hata kama ni karai la harusi za watu miaka 40 kwenye mizani ni chuma chakavu tu. Nimezunguka Tandika, Tabata, Buguruni, nikisafiri kwenda Tanga sipiti hivi hivi, na nilichojifunza ni kwenda asubuhi mapema siku za kati ya wiki kabla gari la kiwandani halijaja kubeba, maana likishabeba ndo vimeenda kuyeyushwa kuwa nondo. Mzoee kijana mmoja wa pale, mwachie namba, mwambie akikutana na kitu cha jikoni kizito cheusi asikitupe kwenye lundo. Asikitupe kweli kweli, maana kikirushwa juu ya injini kinapasuka.

Kwenye kuchagua, kitu cha kwanza mfukoni ni sumaku. Mi nilitoa ya spika mbovu. Vyuma vingi vya vitumbua vinavyouzwa sasa ni alumini iliyosubuliwa na kupakwa rangi nyeusi, kwa macho huwezi kujua hasa kikiwa na masizi, sumaku inakataa kushika unajua hapo hapo. Ikishika bado inaweza kuwa bati nene tu, hapo unaangalia unene na ngozi yake, kasti ina vinyweleo vya mchanga mgongoni na ukiikwaruza na tupa inatoa vumbi jeusi kama la penseli, siyo vile vipande vinavyong'aa.

Halafu kigonge. Kishike kwa kidole kimoja kining'inie, gonga na funguo au sarafu, kizima kinalia mlio unaoenda mbali kidogo kama kengele, chenye ufa kinalia bofu, mlio unakufa palepale. Hii nilifundishwa na fundi wa injini na ni yeye pia aliyenipa ile ya mafuta ya taa ambayo nadhani ni ya thamani kuliko zote: safisha sehemu unayoihisi, paka mafuta ya taa, subiri kama dakika kumi, futa kabisa kikauke halafu paka chokaa au hata vumbi la chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda taratibu kwenye chaki na unauona mstari umejichora wenyewe. Wao wanakagulia silinda hedi hivyo. Siku ya kwanza kuifanya nilikuwa na karai zuri sana mkononi, nimeshalipenda, mstari ukatokea kwenye sikio ukashuka mpaka kitakoni. Nikaliacha.

Kutu usiiogope. Narudia kutu usiiogope, watu wanaacha vitu vizima kwa sababu ya wekundu. Kutu ya juu juu hata ikiwa nene inatoka. Cha kuogopa ni ufa, ni matundu marefu yaliyolika kwenye sehemu ya kupikia, na ni kile kilichopigwa moto mkali wa kuni au matairi. Kule skrepa vijana wanachoma nyaya watoe kopa, na wakati mwingine wanaweka kitu chochote cha chuma kushikilia moto, basi hicho chuma kinabadilika ngozi, kinakuwa na wekundu uliofifia kama tofali ambao hautoki kwa kusugua, na mafuta hayakishiki tena vizuri hata ufanyeje.

Na kuna moja ambayo naomba uisome vizuri kuliko yote. Upande wa Deep Sea Tanga, pale boti zinapotua, mzee mmoja alinionyesha kikaango kizuri, kizito, kitako kimenyooka, anataka elfu tano tu. Ndani kulikuwa na matone ya kijivu yamegandia pembeni, ukikwaruza na ukucha yanaacha mstari unaong'aa. Nikamuuliza, mzee hiki kilikuwa kinapikiwa nini? Akanijibu bila kuficha kitu, "Hicho chetu cha kuyeyushia chubwi, mwanangu." Chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, ni risasi, yaani ile metali laini ya ledi. Risasi inayeyuka nyuzi 327, moto wa mkaa unatosha kabisa, inaingia kwenye vinyweleo vya chuma na hakuna kusugua kutakakokuhakikishia kwamba imeisha, na risasi kwa watoto inaharibu ubongo, haina kiwango salama. Nilimshukuru nikamwomba kisije kuuzwa kwa mtu wa kupikia, akanielewa, akakirudisha kwenye boti. Kwa hiyo uliza kila mara kilikuwa kinafanya kazi gani, na ukiona kijivu laini ndani, acha hata ukipewa bure. Risasi haipo kwenye vikaango vya wavuvi peke yake pia, 2014 walichapisha utafiti wa sufuria za alumini za Kameruni zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu, wakakuta risasi inatoka kwenye sufuria zenyewe kuingia kwenye chakula. Mimi hiyo ilinisukuma zaidi kwenye chuma.

Chuma changu nilikipata Tabata 2022, mwezi wa saba. Mashimo saba, siyo tisa, mpini mmoja mfupi, mgongoni hakina jina wala namba. Marekani watu wanakusanya vikaango vya zamani vya kampuni za Griswold ya Erie, Pennsylvania, na Wagner ya Sidney, Ohio, wanasoma maandishi ya mgongoni wanajua kilitengenezwa miaka gani, vya kwetu vingi vimekuja kimya kimya, vingine na meli kutoka India ambako kule Tamil Nadu wana chuma kile kile cha mashimo wanachomea paniyaram, na Madagaska nao wana chao cha mofo gasy, ukikiona utadhani kimetoka Pangani. Hiki changu kilikuwa kimejaa kutu nyekundu na chini yake gaga jeusi la mafuta ya miaka, mashimo mawili yamejaa udongo na mchwa walishaanza kujenga. Kilogramu 3.4. Kijana akapiga elfu mbili kwa kilo, nikampa elfu saba akabaki na chenji.

Kabla sijakigusa nilikuwa nimeshaharibu kitu kimoja, na hapa ndo somo la siki. Siki nyeupe ya kawaida inatoa kutu vizuri sana, unachanganya nusu siki nusu maji, unazamisha, nusu saa unatoa unasugua na stili waya, kama bado unarudisha nusu saa nyingine. Mi kikaango changu cha kwanza nilikiloweka saa tatu usiku nikalala. Siki ikimaliza kutu haisimami, inaanza kula chuma chenyewe. Asubuhi nilikuta maji meusi na kikaango kimekuwa kijivu kinachokwaruza kama msasa, vishimo vidogo vidogo kila mahali. Kipo mpaka leo, nakitumia kukaangia karanga, ila yai hakitakuja kupika.

Kwa hiki cha mashimo nilianza na gaga, maana siki haitoi mafuta yaliyoungua. Gaga linatoka na kostiki, ile soda kali ya watengeneza sabuni, nusu kilo kwa maji lita 20 hivi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na hapa sitanii, glavu ndefu, miwani, watoto mbali, na unamwaga kostiki kwenye maji, usije ukamwaga maji kwenye kostiki, inachemka ghafla inakurukia usoni. Na usiweke alumini humo, inaliwa mpaka iishe huku inatoa gesi inayowaka. Chuma kilikaa siku nne. Nilipokitoa gaga lilikuwa limelainika kama lami iliyopigwa jua, linatoka kwa kijiti cha mti, na chini ya hilo gaga mashimo yakaonekana ndani laini kabisa, mtu alikichomea vitumbua kwa miaka mingi sana mpaka spoku ya baiskeli ya kugeuzia imekisugua kikang'aa. Nilikaa nacho mkononi muda. Nikamuona bibi.

Kutu iliyobaki niliitoa na umeme. Ukiisikia inatisha ila ni kitu rahisi kama una chaja ya betri ya gari, ile ya zamani ya kawaida, siyo hizi za kisasa zinazojizima. Ndoo ya plastiki, maji, soda ashi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne, nayo ipo maduka ya vifaa vya sabuni, ndo ndugu yake magadi yetu, Ziwa Magadi kule Kenya wameichimba kwa zaidi ya miaka 100. Waya hasi unabana kwenye chombo chako, waya chanya kwenye kipande cha nondo, vyote ndani ya maji na visigusane hata kidogo. Nondo tu. Usitumie stenlesi, inatoa sumu ya kromiamu kwenye maji, na usitumie bati la mabati lenye zinki. Fanya nje penye upepo maana viputo vinavyopanda ni hidrojeni, usisogeze moto wala sigara, na kabla ya kuingiza mkono chomoa kwenye soketi kwanza. Unawasha, viputo vinaanza kupanda kwenye chombo, baada ya saa mbili maji yana povu la rangi ya chai ya maziwa, nondo yako inaota kutu na chombo chako kinaiacha. Nilikiacha kwa muda wa saa nane, mchana kutwa, nikiwa naosha gari la jirani. Kizuri cha njia hii, haili chuma hata ukichelewa.

Ukishakitoa sasa ndo uwe na haraka. Chuma kitupu kwenye hewa ya pwani hakisubiri, nilikifuta na taulo nikageuka kuchukua kiberiti, niliporudi kimeshapiga wekundu wa machungwa kwenye ukingo, dakika tano hazijafika. Kwa hiyo jiko liwe limewaka kabla, ukikitoa majini unasugua, unasuuza, kinaenda motoni moja kwa moja, moto mdogo kikauke mpaka ndani ya vinyweleo, na kikiwa bado cha moto wa kushikika na kitambaa unapaka mafuta.

Mafuta gani? Hapa watu wanabishana sana. Mafuta yakipashwa moto mkali yakiwa membamba juu ya chuma yanashikana yenyewe kwa yenyewe yanakuwa ngozi ngumu, hayabaki mafuta tena, ndo ile weusi unaong'aa wa vyuma vya zamani. Ila siyo mafuta yote yanashikana sawa. Ya nazi hayafai kwa kazi hii, yale ya mawese yanayoganda asubuhi nayo ni wavivu, mafuta ya alizeti ndo yenyewe, na sisi Singida na Dodoma wametujazia, lita moja utatumia vijiko. Najua utanambia mbona bibi yako alitumia nazi, ndiyo, alichomea vitumbua kwa mafuta ya nazi kila siku, lakini chuma chake kilikuwa kimeshazoea miaka mingi, kupikia na kuzoesha, yaani kukijengea hiyo ngozi, ni vitu viwili tofauti.

Unapaka kidogo halafu unafuta kwa kitambaa kikavu, unafuta tena mpaka kwa macho kinaonekana kikavu, kidole kikipita kinasikia utelezi kidogo tu. Ukiacha mafuta mengi yanakuwa gundi, na kwenye chuma cha mashimo mafuta yanatembea yakipata moto yanakusanyika kitakoni mwa kila shimo, kwa hiyo baada ya dakika kumi motoni nilikitoa nikapitisha pamba kwenye kijiti shimo kwa shimo, nikarudisha. Sina oveni. Nilifanya kama mama zetu wanavyooka keki na kupalia wali, mkaa kidogo chini, chuma juu ya matofali mawili kikiwa kimeinama kifudifudi, nikafunika na sinia la chuma, mkaa mwingine juu ya sinia. Saa nzima, kinatoa moshi mwembamba mpaka moshi unaisha wenyewe, halafu kinapoa hapo hapo bila kuharakishwa. Nikarudia mara tano kwa siku tatu. Mara ya kwanza kilitoka rangi ya kahawa, ya tatu kimekuwa kama ngozi ya tende, ya tano cheusi.

Usiwe na haraka ya kupika yai. Mi nilianza na kukaanga vitunguu kwenye mashimo, mafuta mengi, siku mbili tatu. Vitumbua vya kwanza vilikuja jumapili, mchele niliuloweka usiku, tui la nazi mbili, hamira, sukari, iliki. Awamu ya kwanza vinne vilitoka na vitatu vilibaki na vitako vyao chini, sukari ndo inagandisha, hilo lipo hata kwa wataalamu. Awamu ya pili nikapunguza mkaa, nikaacha mashimo yapate moto dakika saba kabla ya kumwaga kitu, nikaweka mafuta nikasubiri yatulie, nikamwaga rojo ikalia "chwaa" ikainuka pembeni. Nikazungusha na spoku ya baiskeli. Kikageuka chenyewe, mgongo wa kahawia, na ule ukingo upo.

Mama alikuwa kaja kutoka Tanga wiki hiyo. Alikula kimoja kimya, akaniuliza, "Umekifumua wapi chuma hiki?" Nikamwambia skrepa, mama. Akachukua cha pili.

Kutunza sasa si kazi kubwa. Kikipoa kiasi unaosha na maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida kidogo haina shida kama ngozi imeshashika, ila usikiloweke na usikiache na maji usiku. Kinakauka juu ya jiko, tone la mafuta, kinafutwa, kinaning'inizwa. Vitu vichachu kama mchuzi wa ukwaju au nyanya vya kuchemka muda mrefu ningesubiri miezi kadhaa, asidi inakula ngozi changa na chakula kinapata ladha ya msumari. Na kuhusu zile habari za kuongeza damu, zina ukweli, chuma kinaingia kwenye chakula, 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Ethiopia ambapo watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma damu yao ilipanda kuwazidi waliopikiwa kwenye alumini. Kwetu ambako kina mama na watoto wengi wana upungufu wa damu hilo ni jambo kubwa. Ila kama nyumbani kuna mtu wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara muulize daktari wake kwanza, hao chuma kinaweza kuwazidi mwilini.

Kwa wenzangu mlioko Marekani na Ulaya mnaolalamika hamna chuma cha vitumbua, tafuteni kikaango cha Wadenmaki cha æbleskiver, mashimo saba vilevile, kampuni ya Lodge ya Tennessee imewahi kutengeneza cha kasti na cha mtumba ukikikuta kwenye maduka ya vitu vya zamani ni bei ndogo. Dada yangu wa Columbus ndo anachomea hicho, idi hii alinipigia video nikavisikia vinalia.

Changu kina shida moja mpaka leo, shimo la katikati. Moto wa mkaa unakusanyika hapo, sukari inaungua kabla ya mengine hayajaiva, kila mara cha katikati ndo kinashika. Nimejaribu kutandaza mkaa pembeni nikaacha kati wazi kama alivyokuwa anafanya bibi, kumbe ndo maana alikuwa anafanya vile, na kimeanza kuachia. Jumapili iliyopita kilitoka kizima mara tatu kati ya tano.